Mkate wa Watu Wanne

Nilichaguliwa kuwa msomaji wa parokia yetu kwa sababu mbili: nina sauti nzito, na siku ya mkutano nilichelewa. Kwetu kazi hupewa asiyekuwapo. Nilipofika na maelezo yangu marefu kuhusu malori yaliyoziba njia pale Makupa, mkutano ulikuwa umekwisha na watu walikuwa wanakunywa chai. Mama mmoja alinishika mkono akanipa hongera. Nilimuuliza hongera ya nini. Akaniambia ninywe chai kwanza.

Kwa asiyejua mambo ya Kianglikana, msomaji ni mlei aliyepewa ruhusa na askofu kuongoza sala na kuhubiri siku ambazo kasisi hayupo. Huvaa kanzu, lakini hapewi kola. Hawezi kutoa baraka kwa jina lake, wala kuuweka wakfu mkate na divai ya Meza ya Bwana. Akishawekewa mkate huo na kasisi, anaweza kuugawa. Kwa ufupi, ni mtu aliyeruhusiwa kupakua, hakuruhusiwa kupika.

Kanisa letu ni dogo, la mawe, liko kisiwani pale Mji wa Kale unapokwisha na maofisi yanapoanza. Hatuwezi kuwa na kasisi wetu peke yetu. Tunaye nusu. Nusu ya pili ni ya parokia nyingine ng'ambo ya bara, kwa hiyo huja kwetu Jumapili moja na kukosa Jumapili inayofuata. Anapokuja, huweka wakfu mkate wa ziada, ukafungiwa katika kabati dogo la ukutani, na wiki anayokosa mimi huugawa. Divai hatuiweki. Kwa joto la Mombasa, divai ya wiki nzima ni siki.

Kasisi mwenyewe ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Zamani kidogo alikuwa mwanafunzi wangu muhula mmoja katika chuo ninakofundisha, na nilimpa alama za wastani kwa insha ambayo, niliandika kwa wino mwekundu, ilikuwa na hoja chache. Yeye huhubiri dakika tisa bila karatasi. Mimi huhubiri dakika thelathini na tano nikiwa na karatasi, na humo ndani kuna wanafalsafa. Niliwahi kudhani kwamba watu wanaofumba macho wakati wa mahubiri yangu wanatafakari.

Lakini aliyeiongoza parokia hasa hakuwa kasisi, wala mimi. Alikuwa mama mmoja mjane wa mfanyakazi wa reli, mkazi wa Tudor, ghorofa ya tatu, ambaye sisi sote tulimwita Mama kana kwamba hakuna mwingine. Kanisa kama letu huwa na wazee wa kanisa wawili: mmoja huteuliwa na kasisi, mwingine huchaguliwa na watu. Mzee wa kasisi hubadilika kasisi anapobadilika. Mzee wa watu alikuwa Mama, tangu kabla sijapata kipaimara. Alikuwa na ufunguo wa lile kabati, kaufunga kwenye pembe ya leso yake. Alizifua na kuzipiga pasi nguo za meza. Yeye ndiye aliyehesabu vile vipande vyembamba vya mkate na kuvitia katika kijisanduku cha fedha, naye kila mara alikuwa wa mwisho kuja kupiga magoti, baada ya kuhakikisha kwamba wazee wamesaidiwa, watoto wamenyamazishwa na mlango haukuachwa wazi.

Siku yangu ya kwanza kugawa, alinipa agizo moja tu. "Usiwaangalie watu nyuso, mwanangu. Angalia sanduku. Ukiona vimepungua, vunja nusu. Vikizidi kupungua, vunja robo. Hakuna aliyelalamika kwa udogo."

Nilimjibu kwamba nimeelewa. Nina shahada mbili.

Jumapili ninayotaka kuisimulia ilikuwa zamu yangu. Jana yake kulikuwa na harusi, na baadhi ya wageni kutoka bara walikuwa hawajarudi makwao, wakaja kusali. Kanisa lilijaa. Sijui kama anayesoma haya amewahi kusimama mbele ya mabenchi yaliyozoea kuwa matupu akayaona yamejaa. Ni jambo linalomlevya mtu. Nilihubiri dakika arobaini na tano. Wakati wa matangazo, Mama alisimama akasema kwamba Ijumaa ataingia hospitali, watampasua tumbo, tumwombee, na pia aliyeazima ndoo ya kanisa airudishe. Kisha akaketi.

Ulipofika wakati wa mkate, nilishuka na kijisanduku kwa madaha. Nilimpa kila mtu kipande kizima. Niliwatazama nyuso, nikawapa tabasamu wageni, nikainama kwa bibi harusi. Vidole vyangu vilipogusa kitako kitupu cha sanduku, bado watu wanne walikuwa wamepiga magoti. Wa kwanza alikuwa askari wa lango la ofisi iliyo jirani na kanisa, anayekuja akitoka zamu. Wa pili alikuwa mama anayeuza mahamri kwenye kona ya barabara yetu. Wa tatu alikuwa mgeni, dereva wa lori kwa kuangalia koti lake, ambaye sikuwahi kumwona. Wa nne, kama kawaida, alikuwa Mama.

Nyuma yangu juu ya meza ndogo kulikuwa na kopo la mkate mpya, uliokuwa ukimngoja kasisi wiki inayofuata. Ulikuwa haujaombewa. Kwa macho ni ule ule. Kwa ulimi ni ule ule, yaani kama karatasi.

Ningeweza kusema, "Samahani, mkate umekwisha." Maneno matatu, na hakuna ambaye angekufa. Badala yake nilimfikiria Mama na Ijumaa yake. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya pili, iliyokuja baadaye na ambayo nadhani ndiyo iliyotangulia, ni kwamba sikutaka wageni wa harusi wanione nimesimama na sanduku tupu. Niligeuka, nikachukua vipande vinne kutoka kwenye kopo, nikasema "Mwili wa Kristo" mara nne kwa sauti yangu nzito. Mama alipokea kwa viganja viwili, kimoja juu ya kingine, akafumba macho muda mrefu kuliko siku zote.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, alinishika kiwiko. "Sasa naweza kwenda hospitali," akasema. "Nimeshiba."

Nililala vibaya siku ile, na Jumatatu nikaenda mtaa wa Kuze kuchukua kanzu yangu. Fundi anayetushonea kanzu za kanisa ni Mwislamu wa ukoo wa zamani pale; asubuhi hushona, jioni husomesha watoto madrasa. Hutushonea sisi na huwashonea maimamu, na husema tofauti kubwa ni kwamba sisi hatupendi nakshi za darizi. Nilikaa kwenye benchi lake, tukaulizana hali, tukaulizana hali za watu wa nyumbani, tukarudi kuulizana hali zetu, na adabu ilipokwisha nikamtupia swali kama mtu asiye na haja nalo. Nilimuuliza itakuwaje imamu akisalisha watu kumbe hana udhu.

Hakusimamisha cherehani. "Waliomfuata na hawakujua, sala yao imesihi, ni halali," akasema. "Ni yeye wa kurudia."

Nilipumua. Nilikuwa tayari kuinuka na kanzu yangu.

"Lakini huyo imamu wako," akasema, na sasa mguu wake ukatulia, "yuajua kwamba hana udhu, au hajui?"

"Tuseme yuajua."

Alinitazama juu ya miwani. Hakuniuliza imamu gani. Alisema kwamba mwenye kusahau ana mlango wake kwa Mungu, na ni mlango mpana. Huyu mwingine kawafanyia hiana watu waliosimama nyuma yake, na hilo halitawadhwi kwa maji. Kisha akanikunjia kanzu yangu vizuri, akaitia katika mfuko, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunitania kuhusu urefu wa mahubiri yangu, ambao umefika hadi Kuze.

Jumanne nilivuka kwenda bara kumwona kasisi. Nilimkuta ukumbini akipiga misumari kwenye benchi lililovunjika, misumari mingine kaibana kwa midomo. Nilianza kwa mbali. Nilimweleza habari ya nia, kwamba wanazuoni wametofautiana, kwamba imani ya mpokeaji ina uzito wake, kwamba katika historia ya kanisa kumekuwa na mazingira ambayo... Alitoa misumari mdomoni.

"Mwalimu," akasema, "uliwahi kuniandikia kwamba insha yangu ina hoja chache. Yako leo ina nyingi mno."

Nikamwambia kwa sentensi moja. Alikaa kwenye benchi lile bovu, likamstahimili. Aliniuliza kama nilijua wakati ule ule, nikasema ndiyo. Aliniambia itambidi amwarifu askofu na kwamba huenda nikasimamishwa kwa muda, nikasema ndiyo. Nilimwomba basi aende amweleze Mama kwa lugha ya kikasisi, maana yeye ana kola na mimi sina.

"Nitakuja kesho na mkate," akasema. "Wa kusema ni wewe. Mimi nitanyamaza."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumatano alasiri tulipanda ngazi za Tudor, yeye mbele na kijimkoba chake cha kupelekea wagonjwa Meza ya Bwana, mimi nyuma nikihema. Mama alikuwa amekwisha kufunga mzigo wa hospitali: leso mbili, ndara, chupa ya chai, karai dogo. Alituketisha. Alimpa kasisi kiti chenye mto na mimi akanipa kigoda karibu na mlango. Nilifungua kinywa, na Mungu anisamehe, nikaanza tena na habari ya nia.

"Mwanangu, wasema nini?"

Nikamwambia. Mkate ulikwisha, nikachukua mwingine kwenye kopo, ule usioombewa, nikampa akidhani ni wenyewe. Nilisema nikitazama ndara.

Chini tuktuk zilikuwa zikigombania abiria. Kasisi alitimiza ahadi yake, alinyamaza kama ukuta. Mama alikaa na mikono mapajani, na niliona vidole vyake vinakitafuta kile kifundo cha ufunguo kwenye leso, vikakikuta, vikatulia.

"Wangapi?"

"Wanne. Na wewe."

"Nami ni wa nne, au wa tano?"

"Wa nne."

Akawataja mwenyewe mmoja mmoja, askari, mama wa mahamri, yule mgeni mwenye koti, kama mtu anayehesabu vikombe baada ya wageni kuondoka. Kisha akauliza, "Na wewe? Wewe ulikula upi?"

Hilo sikulitarajia. Nilisema nilikula wa kweli. Nilisema kitabu cha ibada kinaelekeza kwamba anayegawa aanze yeye mwenyewe kupokea ndipo awape watu.

"Ahaa," akasema Mama. "Na kwenu nyumbani, anayepakua hula kwanza?"

Katika nyumba niliyokulia, si mbali na pale tulipokuwa tumekaa, sisi watoto na baba yetu karani wa bandari tulikula mezani. Mama yangu alikula amesimama jikoni, kwa kijiko, kilichobaki kwenye ubavu wa sufuria. Kuna siku nadhani hakikubaki kitu, na sikumbuki hata mara moja aliyosema.

Kasisi aliona bora aanze. Alitandika kitambaa cheupe juu ya stuli, akafungua kijisanduku chake. Mama akanyoosha mkono akakifunika kwa kiganja.

"Kifunge, mchungaji. Mimi nilikuwa wa mwisho mstarini. Wale watatu waliokuwa mbele yangu wamekwisha kuambiwa?"

Kasisi alinitazama. Nilitikisa kichwa kwamba bado.

"Basi mimi nitakulaje nao hawajui? Mwalimu aende kwanza kwa hao. Akimaliza, aje kwangu."

"Mama," kasisi akasema taratibu, "Ijumaa ni keshokutwa. Kanuni haikutaki ungoje mtu yeyote."

"Kanuni naijua, mwanangu. Nimeanza kufua nguo za meza hiyo wewe hujazaliwa." Alisema bila ukali. "Rudini kesho alasiri. Akishindwa, nitaingia hospitali hivi hivi, na Mungu anajua mtaa wangu."

Ngazini nilimsihi kasisi arudi amwamuru. Nilisema yeye ndiye kiongozi wa parokia, ana barua ya askofu, na mwanamke mzee wa miaka sabini na kitu anakwenda kisuni bila Meza ya Bwana kwa sababu yangu. Kasisi alisimama kwenye ngazi, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Nimwamuru nani, Mwalimu?" akauliza. "Wewe umeona hapo juu mtu wa kuamriwa?"

Alhamisi asubuhi nilimngoja askari atoke zamu. Nilikuwa nimeandaa maneno, lakini nilikuwa nimeanza kujifunza, nikayaacha mengi. Alinisikiliza amebeba kofia mkononi. Alisema, "Kwa hiyo ulinidanganya, Mwalimu," nikakubali. Kisha akasema kwamba amelinda malango ya wakubwa miaka mingi na hajaona mkubwa akimjia kusema hivi, na kwa hiyo asante. Asante ile ilinichoma kuliko tusi. Yeye ndiye aliyenipa dalili ya yule dereva, maana walizungumza nje ya kanisa: lori la buluu, limeandikwa "Subira" kwenye kioo cha mbele, huegeshwa Makupa likingoja mzigo wa kupeleka Uganda.

Mama wa mahamri hakunipa asante. Alikuwa na wateja watano. Nilimwomba faragha, akasema mafuta yamo motoni, faragha hana. Nikamweleza kwa sauti ya chini.

"Sema tena," akasema, "hawa hawakusikia."

Nikasema tena. Wateja wawili walikuwa Waislamu waliovalia kikoi, wakatazama pembeni kwa heshima, jambo lililonizidishia aibu.

"Mimi mahamri yakiisha," akasema huku akigeuza yaliyokuwa kwenye karai, "namwambia mtu yameisha. Ataudhika, ataondoka, kesho atarudi. Sijampa mtu kifuniko cha sufuria nikamwambia tafuna." Akanitazama. "Mama ameambiwa?"

Nilimweleza kwamba Mama ndiye aliyenituma, na kwamba amekataa kula mpaka wao waambiwe. Mkono wake ulisimama juu ya karai. Alichukua mahamri manne, akayafunga kwenye karatasi, akaniambia nimpelekee Mama, ale leo kabla hawajamkataza kula, na mimi nisiguse hata moja.

Makupa nilikaa mpaka saa nane mchana. Nilipita lori kwa lori nikiwa na viatu vya darasani na karatasi ya mahamri kwapani, nikisoma vioo vya mbele kama mtu anayesahihisha mitihani. Malori ya buluu yalikuwa mengi. Madereva walinishuku. Mmoja alitaka kujua huyo mtu amenifanyia nini. Nilipomjibu kwamba yeye hakunifanyia kitu, ni mimi niliyemfanyia, aliwaita wenzake waje wasikilize. Wakakisia: nimemgonga, nimemnyang'anya mke, nimemnyima kazi. Niliposema ni mambo ya kanisa walisikitika, nadhani walitaka iwe mke.

Mwishowe mama wa kibanda cha chai alilitambua lori lile. Liliondoka Jumanne. Huenda likarudi baada ya wiki mbili, huenda mwezi, mpakani hakutabiriki. Nilimwomba ampe ujumbe: kwamba mkate wa Jumapili haukuwa wenyewe, na akirudi aje apewe mwingine.

Alirudia vizuri, kama anayepokea agizo. "Mkate haukuwa wenyewe, aje apewe mwingine." Kisha akauliza, "Ni wa duka gani?"

Nilimwelekeza kanisani.

Alasiri ile tulikuwa tena Tudor, kasisi kwenye kiti chenye mto, mimi kigodani. Nilitoa ripoti yangu. Nilisimulia kila kitu, hata "Sema tena", hata mke, hata duka, na Mama alicheka akishikilia tumbo lile ambalo kesho yake lingepasuliwa, mpaka kasisi akamwomba asijiumize. Nilipomaliza niliungama kwamba nimeshindwa. Wawili nimewaambia, wa tatu sikumpata.

"Umemtafuta?"

"Nimemtafuta, Mama."

Alitazama viatu vyangu, vilivyokuwa vyeupe kwa vumbi na vyeusi kwa grisi. Sijui kama viatu vya mtu vimewahi kumtetea namna ile.

"Basi chake kiwekwe," akamwambia kasisi. "Tugawane, na chake kiwekwe, akija akikute."

Kasisi alitandika kitambaa. Akasoma sala kwa ufupi wake ule ule niliokuwa nikiudharau, na chumbani mle sikuona neno lililopungua. Akauvunja mkate. Kipande kimoja akakirudisha ndani ya kijisanduku, akafunga. Akala yeye, maana ndivyo kitabu kinavyotaka, akampa Mama. Mama alipokea kwa viganja viwili na kufumba macho, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa nikisubiri zamu, nikiwa wa mwisho, karibu na mlango. Kilichonifikia kilikuwa kipande kidogo kama ukucha wa mtoto.

Kisha Mama akafungua karatasi ya mahamri, akala mawili mbele yetu bila kutukaribisha, akasema huyu binti kazidisha iliki.

Ijumaa alipasuliwa. Mwezi haukuisha alikuwa amerudi kwenye benchi lake, amekonda, anaulizia ndoo. Askofu alinisimamisha miezi sita, nikakaa nyuma miongoni mwa watu na kusikiliza mahubiri ya wengine, na niligundua kwamba mtu aliyefumba macho kanisani amelala. Niliporudi kwenye kazi, nilikwenda kwa kasisi kumwomba ruhusa ya jambo dogo: kwamba siku za zamu yangu nisianze mimi kupokea, nimalizie. Alinikumbusha maagizo ya kitabu. Kisha akasema siku hizo yeye huwa ng'ambo, na mtu aliye ng'ambo haoni nani amekula lini.

Sasa imekuwa desturi yetu. Mgeni kutoka parokia nyingine akiiona hudhani ni kosa, na mzee wa kanisa mmoja wa mjini aliwahi kunisahihisha kwa upole. Nilimshukuru. Yule dereva hajarudi mpaka leo. Kila kasisi anapokuja hukila kile kipande cha zamani na kuweka kingine kipya mahali pake, na Mama hufunga kabati na kuufunga ufunguo kwenye leso.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yangu. Kulikuwa na watu wengi kidogo, kwa hiyo mapema nilianza kuvunja nusu, kisha robo. Sikuwatazama nyuso. Mama alipokea, akarudi kwa mwendo wake wa polepole, na ndani ya sanduku kulikuwa na robo moja, yangu. Hapo mlango ukafunguka akaingia mwanamke nisiyemjua, mtoto mgongoni, jasho limemtoka, akaja moja kwa moja mpaka mbele akapiga magoti kama mtu aliyekimbilia chombo kinachoondoka. Ile robo haikuwa na kitu cha kuvunjwa tena. Kopo la mkate mpya lilikuwa nyuma yangu, mahali pake pale pale.

Nilimpa yule mwanamke robo yangu. Kisha nikafunga kifuniko, nikaenda kuketi. Kwenye benchi la tatu, Mama, ambaye nina hakika alikuwa amehesabu, aliinamisha kichwa akafungua kitabu chake, akaanza wimbo kabla ya mpiga kinanda.